Uso wa Aristide

Nilipopata habari kwamba Papa Anastazi, mzee aliyenifundisha kuchora, amefariki, sikujua nimpe nani pole. Aliyenipigia simu ni seremala wa Kamembe ambaye zamani alimpangisha chumba nyuma ya karakana yake, naye sasa ni mzee, sauti imemkauka. Alisema mwalimu ameenda, wamemzika bila watu wengi, na kwamba amenipigia mimi kwa sababu hamkumbuki mwingine aliyewahi kumtembelea. Nilikuwa darasani kwangu hapa Bukavu, wasichana wakichora chungu nilichokiweka juu ya kiti, na mmoja wao akaniuliza kama ni habari mbaya. Nikamjibu kwamba sijui, na sikuwa nikimficha kitu. Nikainama kurekebisha kivuli cha chungu chake, nikasikia mdomo wangu ukitoa maneno ya Anastazi yaleyale: usichore mstari, tafuta mahali mwanga unapokoma. Kila kinachojulikana na mkono wangu kilitoka kwa mtu huyo, na kwa miaka yote hii nimefundisha kwa maneno yake bila kutaja jina lake.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nauza vitenge katika duka la shangazi yangu kule Kamembe, upande wa Rwanda, juu kilimani, na nilikuwa nalala kwa Maman Veneranda chini Cyangugu, katika nyumba ya zamani inayotazama ziwa. Kutoka dirisha la chumba changu niliiona Bukavu yote, mabati ya mtaa wa Kadutu yakimetameta asubuhi, na nadhani hilo ndilo lililonitesa zaidi. Mtu aliye mbali kabisa na kwao huzoea. Mimi niliamka kila siku nikiona kwetu ng'ambo ya maji, halafu nikavaa viatu nikapanda kilima kwenda kuuza nguo kwa watu ambao Kinyarwanda chao nilikielewa nusu. Wateja walinisalimu vizuri, wakanunua, wakaenda. Kulikuwa na siku nyingi ambazo nilifika jioni na kugundua kwamba, ukiondoa bei na rangi, sikuwa nimesema chochote na mtu.

Maman Veneranda naye hakuwa msemaji. Alikuwa muuguzi mstaafu, mrefu, mwenye kupenda usafi kiasi cha kufuta meza ambayo haikuguswa. Sebuleni kwake kulikuwa na viti vikubwa vilivyotandikwa vitambaa alivyofuma mwenyewe, saa ya ukutani, picha ya Bikira Maria, na hakuna picha nyingine. Nilidhani ni mambo ya ladha. Baadaye aliniambia kwamba nyumba ya wazazi wake, kule kwenye vilima vya nyuma ya Mibirizi, iliteketezwa wakati wa mauaji ya kimbari pamoja na kila kilichokuwamo, na kwamba yeye alipona kwa kuwa mwaka huo alikuwa anafanya kazi hospitali ya Bukavu. Ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, na ndiyo maana alikubali kunipangisha. Tulikula pamoja, sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa letu, na ugali wa muhogo, au sombe ya majani ya muhogo siku za Jumapili, na baada ya kula aliwasha redio akasikiliza matangazo ya vifo mpaka mwisho, hata majina ya watu wasiomhusu.

Papa Anastazi nilimfahamu kwa sababu ya kibao. Shangazi alitaka jina la duka liandikwe upya, na seremala akatuletea mzee mmoja mwembamba, mwenye kofia ya sufu na makopo ya rangi ndani ya ndoo. Aliandika herufi bila rula, zikanyooka. Halafu, kwa kuwa ubao ulibaki na nafasi, akamchora mwanamke aliyejifunga kitenge, mara moja tu, bila kufuta, na mwanamke yule alikuwa na uchovu. Sijui niseme vipi. Vibao vyote vya Kamembe vina wanawake wanaocheka. Huyu alikuwa amesimama kama mtu aliyefika mbali kwa miguu na bado hajaketi, na wateja wakaanza kusimama nje kumtazama. Nilimwuliza mzee alijifunzia wapi. Akaniangalia vidole, akaniuliza kama mimi pia nachora. Nilikuwa nachora maua pembezoni mwa karatasi za kufungia vitambaa, alikuwa ameyaona.

Tangu hapo kila Jumamosi duka likifungwa nilikwenda kwenye chumba chake. Kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo, kitanda, jiko la makaa mlangoni, na harufu ya gundi na vumbi la mbao iliyopenya kutoka karakana. Alinikalisha juu ya gogo, akanipa karatasi za mifuko ya saruji zilizokunjuliwa, na kipande cha kaa kutoka jikoni. Kufutia tulitumia nyama ya mkate, ile laini ya ndani, tukiifinyanga kwa vidole mpaka iwe nyeusi. Alinichorisha viazi kwa miezi. Nilipolalamika alisema muntu asiyeweza kuona kiazi hataweza kuona uso. Kisha akapika viazi hivyohivyo na maharage, tukala kwenye sahani moja ya bati huku upande wa pili wa ukuta seremala akibishana na wateja juu ya vitanda na majeneza. Ndiyo yalikuwa mazungumzo ya wiki yangu. Nilirudi Cyangugu kwa miguu nikiteremka kilima, mikono myeusi, nikiwa na furaha ambayo sikuwa na wa kumwambia.

Mambo yake ya zamani niliyajua kwa kusikia. Wanawake wawili walikuwa wakichagua vitenge, mmoja akasifu picha ya nje, mwenzake akapunguza sauti, na kwa kuwa walichanganya Kinyarwanda na Kiswahili nilielewa yote: kwamba aliyeichora alikuwa mwalimu wa shule zamani, kwamba alisimama kwenye kizuizi cha barabarani pamoja na wauaji, kwamba alikiri, akafungwa miaka mingi, akarudi. Walinunua kitenge cha kijani. Nilihesabu chenji yao vibaya mara mbili. Jumamosi ile nilikwenda, sikuketi. Nilimwuliza kama ni kweli, na yeye akasema ni kweli bila kuniuliza ni nini. Alisimulia akiendelea kumenya viazi: kizuizi kilikuwa mahali fulani, yeye alipewa rungu, wengine waliua na yeye aliwashika waliotaka kukimbia. Aliyasema hayo kama mtu aliyekwisha kuyasema mbele ya umati wa gacaca, baraza la kijiji la kuhukumu mauaji, neno kwa neno, na maneno yamelainika kwa kutumika. Mwishoni alisema kwamba nikitaka kuacha kuja, niache, hatanifuata.

Sikwenda kwa majuma kadhaa. Nilikaa chumbani kwangu Jumamosi nikilitazama ziwa, na nikajikuta nikichora, na kila nilichochora kilikuwa na mkono wake ndani. Hilo ndilo ambalo hakuna aliyenieleza, wala leo siwezi kulieleza vizuri. Ningeweza kumkataa mzee. Kile nilichojifunza kwake kilikuwa tayari kimeingia machoni. Nilipouona mtungi wa Maman Veneranda jikoni, niliona mahali mwanga unapokoma. Nikarudi. Alinisogezea gogo. Tulichora, na tangu siku hiyo nilikuwa mpweke hata ndani ya chumba kile.

Maman Veneranda aliziona picha zangu alipoingia kufunga dirisha wakati wa mvua. Nilikuwa nimemchora mke wa seremala akichambua mchele, nikaiacha kitandani. Aliishika kwa ncha za vidole, akakaa nayo sebuleni hadi nilipotoka kuoga. Aliniuliza nani amenifundisha. Nilimwambia kwa hofu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba katika mji mdogo kama ule watu wanajuana mpaka kwenye mifupa. Alisema anamfahamu. Mwalimu huyo alikuwa akifundisha shule moja na Aristide, mdogo wake yeye Maman, ambaye hakuonekana tena baada ya mauaji. Walikaa nyumba za walimu zinazotazamana. Aliniambia hayo, akaenda kuweka chai. Kwa wiki nzima tulikula bila neno, yeye akiondoa miiba ya samaki kwa uangalifu mkubwa, na nikaanza kuwaza nitahamia wapi.

Jumapili baada ya misa alivua viatu vyake mlangoni, akaketi, akaniita. Alisema hana picha ya Aristide hata moja. Alisema kwa miaka ya mwanzo aliuona uso wake kila akifumba macho, na sasa haukuji wote. Yanakuja masikio, inakuja namna alivyocheka, lakini akijaribu kuviunganisha anapata uso wa mtu mwingine, mara nyingine wa mgonjwa fulani aliyemuuguza. Yule mwalimu alimuona Aristide kila siku. Hataki achore yeye. Hataki mkono ule uguse karatasi yenye ndugu yake. Lakini anaweza kusema, na mimi nichore. Nilimwuliza kama ana hakika. Aliniangalia kama amwangaliavyo daktari kijana aliyeuliza swali la kijinga.

Nilipompelekea Anastazi ombi hilo, aliketi kitandani, akavua kofia yake. Sikuwa nimewahi kukiona kichwa chake. Alikaa hivyo mpaka kaa la jikoni likazimika, halafu akaniuliza aje siku gani.

Alikuja mchana, amevaa koti lililokuwa kubwa kwake. Maman Veneranda alikuwa amesogeza viti: chake karibu na dirisha, cha mzee kule karibu na mlango, na meza yangu katikati. Hakumpa mkono. Alimpa chai, kwa kuwa mgeni hakai nyumbani kwake bila chai, na kikombe kilikaa pale mpaka kikapoa. Walizungumza Kiswahili. Nilidhani ni kwa ajili yangu. Siku hizi naamini ilikuwa pia kwa ajili yao, kwa sababu Kinyarwanda walikuwa nacho tangu wakati ule, na Kiswahili kilikuwa lugha ambayo ndani yake hawakuwahi kutendeana kitu. Mzee aliweka mikono yote miwili juu ya magoti na hakuiinua. Alinielekeza kama anavyonielekeza kwenye viazi. Paji la uso pana, nywele zinaanza juu. Jicho la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia. Maman Veneranda alisema ndiyo, la kushoto, na sauti yake ikabadilika. Akaongeza yeye: kulikuwa na kovu kwenye nyusi, alianguka kwenye jiwe akiwa mtoto. Mzee akasema kovu halikufika mwisho wa nyusi. Maman akafikiri, akakubali. Wakaendelea hivyo, mmoja akitoa pua, mwenzake akiisahihisha, na mimi nikichora, nikifuta kwa mkate, nikichora. Kwa muda fulani, na naogopa kuliandika hili, chumba kile kilikuwa na watu wawili waliompenda mtu mmoja. Uso ukaanza kuja. Maman Veneranda alisimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yake.

Tulifika kwenye kidevu. Mzee, macho ameyafumba, alisema kidevu ni chembamba, na ndevu ziwe chache, hapa chini na kwenye mataya, bado hazijaungana. Nikaziweka. Maman Veneranda alisema nizifute.

"Aristide hakukuwaka na ndevu," alisema. "Alinyoaka kila asubuhi. Hata siku ya malaria, alinyoa."

Nikachukua mkate. Mzee alikuwa amefungua macho na anatazama sakafu, na nilimwona akielewa kitu ambacho mdomo wake umekwisha kukitoa. Maman Veneranda alikuwa muuguzi. Alizoea kungoja mgonjwa aseme mwenyewe panapouma. Aliondoka nyuma yangu, akaenda akasimama mbele ya kiti chake.

"Ndevu ulizionea wapi?"

Mzee alisema alizionea nyumbani kwake. Alisema Aristide alikuja kwake usiku wa kwanza, akavuka ua, akagonga, na yeye akamficha kwenye jiko la nje, nyuma ya magunia ya maharage. Alimpelekea chakula kila siku majuma yote yale. Hakukuwa na wembe. Mchana yeye alikwenda kwenye kizuizi kama walivyomwamuru, jioni alirudi akampelekea chakula, na Aristide alimwuliza habari za nje, naye hakumwambia. Maman Veneranda alisikiliza bila kusogea. Mbele ya gacaca mtu huyu alisema mara mbili kwamba hakumuona Aristide siku zile. Mimi sikuwepo, lakini Maman alikuwepo, alikuwa amekaa kwenye nyasi mstari wa mbele.

"Ulimutoa, ao walimukuta?" aliuliza.

"Nilifungua mulango."

"Walikuwa banajua iko mule?"

"Hapana," alisema mzee. "Walikuwa banapita tu. Niliogopa siku zote zile, Maman. Siku ile nilichoka kuogopa. Nikafungua."

Nje, wavuvi walikuwa wanatengeneza nyavu kwenye mchanga na mmoja aliimba. Nakumbuka hilo kwa sababu niliona aibu kwa niaba yake, kana kwamba angejua. Nilikuwa bado nimeshika mkate karibu na kidevu cha Aristide. Maman Veneranda aliuliza Aristide alipo. Mzee alimwambia: nyuma ya jiko lilelile, kwenye shimo la choo ambacho hakikumaliziwa kujengwa, siku hizi ni migomba ya mtu. Alisema kama angesema kwamba alimficha ingekuwa lazima aseme kwamba alimtoa, na mambo hayo mawili hakuweza kuyatenganisha, kwa hiyo akayameza yote. Hakuomba msamaha. Nilikuwa nikingoja aombe, na leo nadhani afadhali hakuomba, kwa sababu angemlazimisha kumjibu. Maman Veneranda alimfungulia mlango. Mzee alipokwisha kwenda, Maman alichukua kikombe kilichopoa, akakimwaga, akakiosha, akakikausha, akarudi kusimama nyuma yangu.

"Rudisha ndevu," alisema.

Nilizirudisha. Alitazama kwa muda mrefu. Alisema ameishi na kifo cha mdogo wake miaka ishirini na mitano akidhani anazijua siku zake zote, kumbe kulikuwa na siku nyingine, alikula maharage, aliuliza habari, alikuwa hai wakati yeye kule Bukavu alikuwa amekwisha kumlilia. Halafu alilia, kwa sauti ndogo, ameshika mgongo wa kiti changu, na mimi sikujua kama inafaa kumgusa, kwa hiyo niliendelea kuitazama karatasi.

Kesho yake Anastazi alikwenda mwenyewe kwa viongozi wa sekta. Walichimba kwenye migomba ile, wakampata Aristide, na watu wengine wawili ambao mzee hakuwa na habari nao. Alizikwa kwa heshima pamoja nao, na mvua ilinyesha, na Maman Veneranda alisimama wima muda wote bila kushikwa na mtu. Nilibeba picha nikiwa nimeifunika plastiki. Watu wa umri wake walikuja mmoja mmoja kuitazama, wakasema ndiye, ndiye kabisa, na mwanamke mmoja aliyesoma naye akasema hakujua kama Aristide alianza kufuga ndevu. Maman Veneranda akamjibu kwamba alianza mwishoni.

Duka la shangazi lilifungwa kabla ya mwaka kwisha, na mimi nikajiandaa kurudi ng'ambo. Siku moja kabla ya kuvuka nilikwenda kumwona Anastazi kwenye kasho, mahabusu alimokuwa akingoja kesi yake. Nilimpelekea viazi vya kuchemsha na maharage. Alikula vichache, akanipa vingine nile naye, nasi tukala hivyo, kila mtu upande wake. Aliniuliza kama picha ilifanana. Nilimwambia watu wamesema ndiye. Alitikisa kichwa, kama mwalimu aliyepokea jibu alilolitarajia, kisha akaniuliza, huku akitazama pembeni, kama inawezekana aione. Mara moja tu, kwa mbali, wala hataigusa. Alisema uso ule alikuwa ameubeba peke yake muda mrefu, na sasa, tangu aseme, yeye pia umeanza kumtoka.

Nilimwambia nitauliza. Niliteremka kilima kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nikitafuta namna ya kulisema jambo hilo, na nilipofika nilikuwa bado sijaipata. Maman Veneranda alikuwa mezani, amepakua chakula, sahani mbili. Picha alikuwa ameitundika ukutani usawa wa macho, mkabala na kiti chake. Nilimweleza ombi la mzee kama alivyolisema, na sikuongeza neno langu. Alimaliza kuondoa miiba kwenye samaki aliyekuwa mkononi, akamweka kwenye sahani yangu.

"Yeye alimuonaka," alisema. "Inatosha."